Jiwe Juu ya Gazeti

Singida ina vitu viwili visivyonunuliwa: mawe na upepo. Muuza magazeti anaishi katikati ya hivyo viwili. Upepo unafunua kurasa kabla ya mteja, nawe unatafuta jiwe la kuukomesha. Kuanzia 1993 hadi 2017 nilitandika magazeti juu ya turubai chini ya mwarobaini, si mbali na stendi ya mabasi. Nilikuwa na mawe kumi na tano, laini, ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, niliyoyaokota mwenyewe kando ya ziwa Singidani. Kila jioni niliyarudisha kwenye kopo la rangi, moja moja, kama mtu anayehesabu mauzo.

Ufundi ulikuwa mahali pa kuliweka jiwe. Ukiliweka juu ya uso wa mgombea, wafuasi wake wanakuuliza umetumwa na nani. Ukiliweka juu ya bei, unaonekana mwizi. Na siku ambayo ndani mna kibonzo kikali, gazeti hulifungui hata kidogo. Unamwambia mteja tu, "Leo Kipanya kasema," halafu unanyamaza. Wasomaji wa kusimama, wale wanaomaliza vichwa vyote vya habari bila kutoa senti, hapo ndipo walipokuwa wanaingiza mkono mfukoni.

Ninachosimulia hapa ni jinsi nchi hii ilivyojifunza kuwacheka watu wanaotaka kuitawala, kisha ikaanza kusahau. Nakisimulia kutoka chini ya ule mwarobaini kwa sababu ndipo nilipokiona.

Lakini kibonzo cha kwanza nilikiona kabla sijajua kusoma, na kilikuwa kinatembea. Babu mzaa baba alifariki nikiwa na miaka kama saba, kijijini, upande huu ambao leo ni wilaya ya Ikungi. Wanawake wakiwa katikati ya kilio, mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtani wa ukoo wetu, aliingia ndani, akatoka amevaa koti la babu. Lilimpwaya. Akatembea kwa ule mguu wa babu uliokuwa ukiburuta, akakohoa kikohozi chake, akaita ugoro wake, akamgombeza bibi kwamba uji una madonge. Bibi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua uso, alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha yule mzee akavua koti, akalikunja, akashika jembe na kushuka kaburini kuchimba. Jioni alidai jogoo wake, akapewa.

Utani una sheria zake, na kila aliyekulia Singida anazijua bila kufundishwa darasani. Mtani anajulikana ni nani na ametoka wapi. Anayetaniwa ana zamu yake ya kujibu. Na anayekucheka ndiye atakayekuzika. Nimewahi kusikia wasomi wakisema vibonzo vya siasa ni kitu tulicholetewa na Wazungu pamoja na mashine za kuchapa. Mashine ni za Wazungu, sibishi. Lile koti lilikuwa letu.

Gazeti lililofika kijijini utotoni mwangu lilikuwa Uhuru, gazeti la TANU, na Jumapili Mzalendo. Yalifika yamechoka, siku tatu au nne baada ya tarehe yake, na mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyasoma. Humo alikuwamo Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory tangu miaka ya mwisho ya 1960. Chakubanga alikuwa mtu wa mjini: mwenye tamaa, mjanja asiyefika mbali na ujanja wake, mpenda starehe. Jina lake lilikolea hadi watu wakawa wanaita katuni yoyote "chakubanga". Alichekwa mlevi, alichekwa karani mzembe, alichekwa mwanamume mwenye nyumba ndogo. Rais hakuchekwa. Kicheko kilishuka, hakikupanda.

Na kweli, ungemcheka mgombea gani? Mwaka 1965, 1970, 1975 na 1980 aliyewania urais alikuwa mmoja, Mwalimu Nyerere, na mpiga kura alichagua ndiyo au hapana. Wazee wakikumbuka uchaguzi ule husema Mwalimu alishindana na kivuli. Utani ulijipenyeza hapo hapo. Baba yangu mdogo alikuwa akisema kivuli hakifai kupewa nchi: asubuhi kirefu, mchana kifupi, usiku ukikitafuta hakipo. Watu walicheka, halafu wakaenda kumpigia kura Mwalimu.

Aliyetufundisha kwamba mgombea urais anaweza kuchekwa wazi alitoka mbali, na alikuja kwa redio. Mwaka 1976 nilikuwa kijana, na kazi yangu ilikuwa kuanika betri juani ili usiku ziwe na nguvu ya kufikisha taarifa ya habari mwisho. Redio ikatangaza kwamba Marekani imemchagua Jimmy Carter, mkulima wa karanga. Kwetu karanga zinalimwa na kila mama. Baba mdogo alipiga magoti kwa kicheko: "Basi hata mama yako agombee!" Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wachoraji wa kwao nao walimkamata hapo hapo, wakimchora kama karanga yenye meno makubwa. Miaka minne baadaye akashindwa na mcheza sinema, Ronald Reagan, na baba mdogo akapata la kusema mpaka msimu wa mavuno.

Wamarekani walianza mambo haya zamani. Mwaka 1828 Andrew Jackson alipogombea urais, wapinzani wake walimwita punda. Badala ya kukasirika akalichukua jina akatembea nalo. Mwaka 1870 mchoraji Thomas Nast alimchora punda huyo katika jarida la Harper's Weekly, na mwaka 1874 akawachorea Republican tembo. Mpaka leo chama kimoja ni punda na kingine tembo, na wenyewe wamebandika wanyama hao kwenye fulana zao. Jambo hilo kwa mtu wa Singida si dogo. Punda wetu anabeba maji, anabeba kuni, na hakuna anayemshukuru. Kumwita mtu punda ni kutafuta ugomvi. Lakini Jackson alifanya anachofanya mtani mzuri: aliukubali mzaha, akaupanda.

Kabla ya vyama vingi sisi tulijizoeza kwenye majarida. Sani, lililopewa jina kutokana na silabi za kwanza za waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliingia kila bweni. Humo mlikuwa na Ndumilakuwili, Madenge, Kipepe na Lodi Lofa. Wengi wao walitoka mkononi mwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Hapakuwa na rais kwenye kurasa zile, ila nchi ilikuwamo. Lofa wa mjini asiye na kitu mfukoni, mwenye maneno mengi na njaa ya kweli, tulimjua. Mshike huyo lofa, atarudi.

Vyama vingi vikaruhusiwa rasmi tarehe 1 Julai 1992, na magazeti yakaota kama uyoga. Ndiyo maana mwaka uliofuata mimi, niliyekuwa nauza karanga na sigara, nikatandika turubai. Majira, Nipashe, Mtanzania, Rai: yalikuja na basi kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 700, yakitua jioni au kesho yake kutegemea barabara na mvua. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulileta wagombea urais wanne, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na watu wa kuwalinganisha. Augustino Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliyezoea kuwapa watu siku saba wajirekebishe; sasa amehamia NCCR-Mageuzi na mashabiki wanalisukuma gari lake kwa mikono. John Cheyo wa UDP aliitwa Mapesa. Ibrahim Lipumba wa CUF alikuwa profesa wa uchumi, mwenye miwani na hesabu. Benjamin Mkapa wa CCM alikuwa na Mwalimu nyuma yake.

Pale kwangu kulikuwa na fundi baiskeli aliyekuwa anawaiga wote wanne. Akiwa Mrema, anampa mteja siku saba kulipa deni la pancha. Akiwa Cheyo, anaahidi kulilipa deni hilo yeye mwenyewe. Matokeo yakaja: Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo karibu 4. Fundi alitangaza kwamba yeye amepata zote mia, kwa sababu hakuna aliyewasema wote kama yeye.

Miaka iliyofuata ndiyo miaka ya shibe. Mchora vibonzo Masoud Kipanya alimtuma panya mdogo kusema maneno ambayo mhariri asingeyaweka kwenye tahariri. Mtu mkubwa anahutubia, panya yuko pembeni kwenye kona, anatupa neno moja. Kimo chake ndicho ulinzi wake: nani atapigana na panya? Kwenye televisheni vijana wa Ze Comedy waliigiza mikutano ya wakubwa, na msanii mmoja aliweza kuitoa sauti ya Mwalimu hadi akaitwa Steve Nyerere. Wakenya walikuwa na kundi la Redykyulass lililomwigiza Rais Moi angali madarakani, kisha mwaka 2009 wakaja na vikaragosi vya The XYZ Show, kazi ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania mzaliwa wa Dar es Salaam aliyehamia Nairobi kulichorea Nation tangu 1992. Marekani nako, mwaka 2008, Tina Fey alimwigiza Sarah Palin, mgombea wa umakamu wa rais, kiasi kwamba watu walichanganya maneno ya mmoja na ya mwingine. Hao wote, kwangu mimi, ni yule mzee wa Kinyamwezi na koti la babu.

Mchora vibonzo anahitaji alama, kama mtani anavyohitaji kikohozi. Nyerere alikuwa na kifimbo. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa na mvi zake nyeupe. Mwigulu Nchemba, wetu wa Iramba, ana skafu ya rangi za bendera ya taifa. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alinieleza vizuri: ukiweza kumtambua mtu kwa mstari mmoja wa kalamu, tayari amekuwa wa umma.

Mwaka huo huo wa 2008 tulipata mgombea ambaye hatukutaka kumcheka. Barack Obama alishinda tarehe 4 Novemba, Kenya ikatangaza sikukuu, na kanga zikaingia sokoni zenye sura yake na maandishi "Hongera Barack Obama" na "Upendo na amani ametujalia Mungu". Mke wangu alinunua doti moja. Kipande kimoja bado kipo, kimepauka uso wake kwa jua. Lakini Julai ya mwaka ule jarida la The New Yorker lilikuwa limetoa jalada la Barry Blitt: Obama amevaa kilemba ndani ya Ikulu ya Marekani, mkewe ana bunduki mgongoni, wanagonganisha ngumi. Mchoraji alikusudia kuwadhihaki waliokuwa wanaeneza uvumi kwamba Obama ni adui. Wengi waliona ni uvumi wenyewe umechorwa. Yule mteja wangu mwalimu wa sekondari alipokuja na nakala ya picha ile, watu pale mwarobaini walinuna. Hawakumjua mchoraji, hawakujua ni mtani wa nani. Mzaha wa mtu usiyemjua ukoo wake unafanana na tusi.

Mwaka 2015 ndio nilipouza kuliko mwaka wowote, na ndio ulionionyesha mwisho wa biashara yangu. Ndani ya CCM watu 42 walichukua fomu za kuwania urais, na Singida tulitoa wawili wanaojulikana, Mwigulu na Lazaro Nyalandu. Aliyepita ni Magufuli, aliyepiga push-up jukwaani kuonyesha afya. Lowassa akahamia Chadema, umati wake ukaitwa mafuriko. Mwezi Agosti, kwenye uzinduzi wa kampeni Jangwani, Rais mstaafu Mkapa aliwaita wapinzani "wapumbavu na malofa". Umemkumbuka Lodi Lofa? Kesho yake asubuhi wateja wangu walikuja wakisalimiana, "Habari za asubuhi, lofa?" "Salama, lofa mwenzangu." Punda wa Jackson alikuwa amefika Singida. Magufuli alishinda kwa asilimia 58, Lowassa akapata karibu 40.

Lakini wateja wale wale walikuwa na simu mkononi. Mwaka ule yalisambaa Afrika Mashariki maneno ya kutungwa yaliyosemekana kutoka kwa Donald Trump: eti Wakenya ni matapeli, eti akishinda atawafunga Museveni na Mugabe. Hakuyasema. Fundi baiskeli aliyaamini, nami niliyaamini siku mbili, kwa sababu yalikuja na picha yake akifoka. Gazeti lina mhariri, kibonzo kina sahihi chini pembeni. Uongo wa simu hauna mtani wa kudai jogoo.

Upande wa pili mkono wa serikali ulikuwa unashuka. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa nchini. Sababu iliyotajwa ni usajili. Lakini wengi, Gado mwenyewe akiwamo, waliitazama katuni yake ya mwezi ule, iliyomwonyesha Rais Kikwete kama mfalme wa Kirumi aliyezungukwa na wanawake wenye majina ya maovu, rushwa ikiwamo. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, na 2016 Sheria ya Huduma za Habari. Mwaka 2016 pia Tundu Lissu, mbunge wetu wa Singida Mashariki, alifikishwa mahakamani kwa kumwita Rais "dikteta uchwara". Neno "uchwara" likawa utani wa mtaani: kulikuwa na chai uchwara, basi uchwara, mvua uchwara.

Kisha ukaja mwaka 2017. Kati ya Juni na Oktoba yalifungiwa Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima, mengine kwa siku 90, mengine kwa miaka miwili. Tarehe 7 Septemba Lissu alimiminiwa risasi Dodoma. Asubuhi moja ya Oktoba nilitandika turubai, nikapanga nilichonacho, nikaona mawe manne yamebaki kwenye kopo. Kazi hayakuwa nayo. Wateja walikuwa wanasoma vichwa vya habari kimya kimya na kuondoka. Hata fundi baiskeli aliacha kuiga sauti. Hakuna aliyenifukuza. Nilifunga turubai Desemba, nikahamia kwenye alizeti na kuku.

Yaliyofuata niliyafuatilia kama msomaji. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa kwa kubadilisha sura yake na ya Rais kwenye picha. Mei 2020 akakamatwa tena, safari hii baada ya kuonekana kwenye video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa amevaa suti iliyompwaya. Niliposikia hilo nilikaa chini. Mzee wa Kinyamwezi alivaa koti lililompwaya, akapewa jogoo. Oktoba mwaka huo Lissu, aliyenusurika risasi zile na kurejea nchini Julai, aligombea urais, mtu wa Ikungi kwenye karatasi ya kura. Alitangazwa kupata asilimia 13. Mwaka 2025 hakuwamo kwenye karatasi: alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini.

Haki itendeke: Februari 2022 magazeti yaliyokuwa yamefungiwa yalirudishiwa leseni, na watu wakapumua. Lakini tarehe 2 Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zilisimamishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya kutembea. Ilimwonyesha mwanamke akibadilisha stesheni za televisheni, na kila stesheni kuna watu wanawalilia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Katuni ile haikuwa na mzaha. Mimi niliitazama kwenye simu ya mjukuu wangu kabla haijaondolewa. Akaniuliza, "Babu, sasa hapa kinachochekesha ni nini?" Sikuwa na jibu.

Siku hizi vijana wa hapa wanamjua Trump kwa nywele na mikono kuliko wanavyowajua wagombea wao. Wanamwigiza, wanamchora, wanacheka mpaka machozi. Siwalaumu. Trump hatoki Ikungi wala Kiomboi, hana mkuu wa wilaya, na hatamzika yeyote wa kwetu. Kumcheka hakugharimu kitu, na kicheko kisichogharimu kitu hakijengi nchi. Baba mdogo alimcheka Carter kwa sababu hakuruhusiwa kumcheka wa karibu. Nasikitika kwamba wajukuu wake wanarudi alipokuwa yeye mwaka 1976, wakiwa na betri nzuri zaidi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaojiandaa kuchukua fomu mwaka 2030, wa rangi yoyote. Urais ni koti. Kabla hujalivaa, tuachie tulivae dakika tano, tutembee kwa mguu wako, tukohoe kikohozi chako. Likitupwaya tutacheka wote, nawe ucheke, kisha tukurudishie likiwa limekunjwa vizuri. Mawe yangu kumi na tano bado yapo, yanazuia mlango wa banda la kuku, na mwarobaini haujakatwa.